Filamu ya Maji Maji Tutaitazama Wapi?

Tangu tuanze kuandika makala za historia, swali linalorudi kila mara ni hili: ile filamu ya Vita vya Maji Maji, ya wakulima waliowainukia Wajerumani wakashindwa, tunaipata wapi? Wengine wanauliza kwa ajili ya shule. Wengine wamesikia kwa wazee waliopitia kambi za Tanzania kabla ya kufika huku. Hata wafanyakazi wa mashirika wametuuliza, maana wanatafuta kitu cha kuonyesha vijana ambacho si cha kuchinjana tu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Leo tunajibu. Jibu lina pande mbili: mahali pa kuitazama, na namna ya kuitazama. Upande wa pili ndio wenye kazi.

Tuseme ukweli mapema. Filamu kubwa ya kuigiza ya Maji Maji, yenye mashamba ya pamba na bunduki na vijiji vinavyoungua, haijafika kwenye vibanda vyetu vya video. Ukienda kibandani Base Camp utapata za Kichina, za Kihindi, za Nigeria, na za Marekani ambazo mtu mmoja anaua jeshi zima. Maji Maji hakuna. Kilichopo ni filamu ya hali halisi ya mwaka 2024 iitwayo Das leere Grab, yaani Kaburi Tupu. Kwa Kiingereza utaikuta kwa jina la The Empty Grave. Tutaifikia. Kwanza tuielewe vita yenyewe, maana ukitazama bila kuijua utaona tu watu wanakufa, basi.

Mwaka 1905 nchi ile iliitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani: Tanganyika, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Kwa hiyo ninyi wa Rwanda na Burundi msidhani hii ni habari ya majirani. Gavana aliyeitawala, Gustav Adolf von Götzen, mababu zenu walimjua kabla hajawa gavana. Mwaka 1894 alivuka Rwanda na msafara wake, akakutana na Mwami Rwabugiri, akafika hadi ziwa Kivu. Shikeni jina hilo, litarudi.

Kusini mwa Tanganyika watu walitozwa kodi, wakatakiwa kufanya kazi za lazima, na wakalazimishwa kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe. Pamba hailiwi. Siku uliyolima pamba ya serikali ndiyo siku ambayo mtama wako umesongwa na majani. Ukikataa, fimbo. Ukikubali, malipo ni kidogo kiasi kwamba wengine waliyasusa. Mwezi wa Julai 1905, kule Nandete katika milima ya Matumbi, watu waliingia shambani wakang'oa pamba. Hilo ndilo lilikuwa tamko lao la vita. Hawakupiga risasi, waling'oa mimea.

Kabla ya hapo, tangu 1904, watu walikuwa wakienda Ngarambe kwa mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale. Alisema roho imemshika, naye alikuwa akitoa dawa: maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za nafaka. Ukinywa au ukinyunyiziwa, risasi ya Mjerumani itageuka maji. Watu walitoka mbali, makundi kwa makundi, wakabeba yale maji kurudi nayo makwao. Kinjikitile mwenyewe hakuiona vita ikikua. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wiki chache tu baada ya pamba kung'olewa. Lakini maji yalikuwa yameshasafiri. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengine wengi waliingia.

Mwisho wa Agosti maelfu walishambulia boma la Mahenge wakiamini yale maji. Boma lilikuwa na bunduki za rashasha. Hapo ndipo kibanda kizima kingecheka au kingenyamaza, na hapo ndipo tunataka tusimamishe picha kidogo.

Wengi wetu tukisikia habari ya maji tunacheka. Tunasema wazee walikuwa wajinga. Lakini angalieni kazi ambayo maji yale yalifanya kabla ya risasi ya kwanza. Wale watu hawakuwa na mfalme mmoja. Hawakuwa na lugha moja nyumbani. Wengine walikuwa wamevamiana na kuchukuliana mateka miaka michache tu nyuma. Ni kitu gani kingewafanya wasimame upande mmoja? Sahihi kwenye karatasi? Walikunywa kitu kimoja. Aliyekunywa alikuwa ndugu wa mwingine aliyekunywa. Sisi tunaoishi hapa, ambako foleni moja ya maji ina Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali na Mwethiopia, na mara nyingine jerikeni moja kusogezwa mbele inatosha kuleta ngumi, tunajua kuwaunganisha watu namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kupigana.

Sasa upande mwingine, na huu unatuhusu sana tuliotoka Kongo. Maji yale hayakuisha mwaka 1907. Mwaka 1964 wapiganaji wa Simba, waliouteka mji wa Stanleyville ambao leo ni Kisangani, walinyunyiziwa dawa wakaenda vitani wakiita "Mai Mulele", kwa jina la Pierre Mulele aliyeongoza uasi wa wakulima wa Kwilu. Uasi ule nao ulivunjwa. Na tangu miaka ya 1990 tuna Mai-Mai. Neno ni lile lile, maji. Hapa Uganda Alice Lakwena aliwapaka watu wake mafuta ya kuwakinga na risasi, wakatembea kutoka kaskazini hadi karibu na Jinja, wakamalizwa huko mwaka 1987.

Dawa hizi zote zina tabia moja: zina masharti. Usiibe. Usiguse mwanamke. Usivunje miiko. Masharti mengine ni mazuri kabisa, yangefuatwa vijiji vingi vingepona. Lakini masharti yana kazi ya pili pia. Kijana akipigwa risasi akafa, inasemwa alivunja mwiko. Kosa ni la marehemu, dawa haina kosa, na aliyemtuma hana kosa. Baadhi yetu tumekimbia vijiji ambako wadogo zetu walichukuliwa kwa maneno hayo hayo. Kwa hiyo tunapowaheshimu watu wa 1905 hatusemi maji yanazuia risasi. Tunasema mambo mawili kwa pamoja: walikuwa na sababu ya kuinuka, na waliahidiwa kitu ambacho hakikuwepo. Filamu nzuri lazima ibebe yote mawili. Ikibeba la kwanza tu, inatengeneza askari watoto wengine. Ikibeba la pili tu, inawacheka wafu.

Kuna jambo la tatu, nalo huwa linaachwa kabisa. Wengi waliokufa Maji Maji hawakufa kwa risasi.

Wajerumani walipoona hawawezi kuwakimbiza watu kila pori, walibadili silaha. Vikosi vyao vilipita vikichoma vijiji, vikichukua au kuharibu nafaka ghalani na mazao shambani. Hata baada ya mapigano kuzimika mwaka 1907, njaa iliendelea. Wakubwa wa Kijerumani wenyewe walihesabu waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye, kama Gilbert Gwassa wa Tanzania, wanafikisha 250,000 hadi 300,000. Upande wa serikali walikufa Wazungu 15 na Waafrika mia chache waliowatumikia. Na wale waliopita na moto mkononi wengi wao walikuwa Waafrika, askari waliotolewa sehemu nyingine za nchi na hata nje, wakisaidiwa na jamii zilizokataa maji, kama Wahehe.

Kwa mtu ambaye mgao wake umepunguzwa, akajua nusu ya mgao inafanya nini ndani ya nyumba, hii haihitaji maelezo marefu. Njaa haina sauti ya bunduki, ndiyo maana haiingii vizuri kwenye filamu. Shujaa akianguka mbele ya rashasha tunapata picha ya kukumbuka. Mama anayechimba mizizi ya porini mwezi wa sita baada ya vita kuisha, nani amempiga picha? Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki: filamu ya Maji Maji inayoishia kwenye bunduki haijaisha.

Tukumbuke lile jina la Götzen. Gavana huyu ndiye aliyekuwa madarakani wakati ghala za kusini zinachomwa. Baadaye Wajerumani walijenga meli, wakaisafirisha vipande vipande hadi Kigoma, wakaishusha ziwa Tanganyika mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui. Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya: Liemba. Ndiyo, Liemba hiyo hiyo! Mwaka 1997 iliwarudisha maelfu ya wakimbizi Wakongo kutoka Kigoma. Mei 2015, Warundi walipobanwa kwenye ufuo wa Kagunga kati ya mlima na ziwa, Liemba ndiyo ilikwenda kuwachota safari baada ya safari. Leo kuna Warundi wa Nakivale waliopandishwa kwenye meli hiyo bila kujua ilipewa kwanza jina la nani. Meli haina dhambi. Lakini tujue.

Sasa turudi kwenye swali: tutazame nini, na wapi?

Kwanza, Kaburi Tupu yenyewe. Waongozaji ni wawili, Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani na Cece Mlay wa Tanzania, na ilionyeshwa kwenye tamasha la Berlinale Februari 2024. Haiigizi vita. Inafuata familia. Tarehe 27 Februari 1906, viongozi zaidi ya 60 wa Wangoni walinyongwa katika mji ambao leo unaitwa Songea, na Nduna Songea Mbano naye aliuawa siku zile zile. Ukoo wake unasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Katika filamu, wakili mmoja wa ukoo huo na mkewe wanakwenda mpaka Berlin kukitafuta. Familia nyingine, ya Meru, inamtafuta Mangi Lobulu aliyenyongwa mwaka 1900. Hakuna damu kwenye filamu hii. Kuna watu wanaokaa kwenye ofisi za wageni wakiuliza swali la nyumbani kwao. Aliyewahi kukaa kwenye benchi akisubiri faili lake litafutwe atawaelewa vizuri tu.

Filamu hii ina wenyewe. Kuionyesha mbele ya watu wengi kunahitaji ruhusa, na hapa wafanyakazi wa mashirika mnaweza kutusaidia kweli: barua yenye kichwa cha shirika hufunguliwa haraka kuliko barua ya vijana. Pa kuanzia kuuliza ni kwa watengenezaji wake, au kwa vituo vya utamaduni wa Kijerumani kama Goethe-Zentrum ya Kampala.

Pili, The African Queen ya mwaka 1951. Hii ni rahisi kupatikana, na sehemu yake ilipigwa hapa hapa Uganda na sehemu Kongo. Inasemekana ile meli ya Wajerumani ndani yake ilitokana na habari za Götzen, yaani Liemba yetu. Mwanzoni askari wa Kijerumani wanachoma kijiji na kuwaswaga watu. Baada ya hapo wanakijiji hawaonekani tena, filamu inabaki na Wazungu wawili na mashua yao. Tazameni kwa jicho hilo: waliochomewa nyumba walikwenda wapi? Swali hilo moja linatosha mjadala wa jioni nzima.

Tatu, Emitaï ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1971. Si Maji Maji, lakini ni ndugu yake wa karibu. Wakati wa vita ya pili ya dunia, Wafaransa wanataka mchele wa Wadiola wa Casamance. Wazee wanaiomba miungu, miungu haijibu. Wanawake wanauficha mchele. Mambo hayaishi vizuri, lakini kamera inakaa mahali panapostahili: kwenye chakula, na kwa waliokilima.

Nne, kuna Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969. Hii si filamu, na ndiyo uzuri wake: haihitaji umeme, haihitaji bando. Imeandikwa kwa Kiswahili na inashika lile tatizo letu la maji kwa mikono miwili, kiongozi anayewaunganisha watu kwa neno ambalo yeye mwenyewe analiogopa. Watu kumi na nakala mbili za kitabu wanaweza kuisoma kwa sauti chini ya mti kule Juru, Jumapili baada ya ibada.

Kama una hati ya kusafiria, Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, na kila Februari 27 watu hukusanyika hapo kuwakumbuka walionyongwa. Mji huo hata una timu ya mpira iitwayo Majimaji. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale akaomba msamaha. Ilichukua zaidi ya miaka 100, na waliosimama kumsikiliza walikuwa vitukuu.

Kuhusu namna ya kufikisha filamu Nakivale, utaratibu wetu unajulikana. Wenzetu wa Nyamitanga wana mtandao mzuri kidogo. Ruhusa ikipatikana, wao wanapakua, wanaweka kwenye flashi, inapanda taksi kuja Isingiro. Sisi huku tunatafuta projekta, shuka jeupe na sola yenye betri ya kufika mwisho. Lakini pia tunahitaji mdomo. Uganda inajua kazi ya VJ: watu kama VJ Jingo wamezifanya filamu za kigeni ziongee Kiluganda. Kenya kuna DJ Afro, na Tanzania alikuwepo Lufufu. Nasi tutafute vijana watatu wa kusimama pembeni ya shuka, mmoja aongee Kiswahili chetu, mmoja Kinyarwanda na Kirundi, mmoja Kisomali. Sharti ni moja: VJ asiwacheke watu wa Mahenge ili kibanda kifurahi.

Jambo la mwisho. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kusini. Walikaa na wazee waliokuwa watoto au vijana mwaka 1905, wakaandika walichosikia. Kabla ya hapo, habari nyingi zilizoandikwa zilitoka kwa maofisa na wamisionari. Habari za pamba, za njaa, za masharti ya dawa, nyingi tunazijua kwa sababu vijana wale walikwenda wakati wazee bado wapo. Wangechelewa miaka kumi tu, nyumba nyingi zingekuwa zimebaki na makaburi.

Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kuna bibi na babu hapa walioona ya 1959 Rwanda, ya 1964 Kongo, ya 1972 Burundi. Si mbali na hapa, kule Kigezi, wakulima waliinuka mara kadhaa kwa jina la Nyabingi. Mwanamke aliyewaongoza, Muhumuza, alikamatwa mwaka 1911 akazuiliwa Kampala hadi alipofariki mwaka 1945. Habari hizo nazo filamu yake hatujaletewa. Simu tunazo. Kabla ya kurekodi, muombe mzee ruhusa, mweleze sauti yake itakwenda wapi, na akisema hapana iwe hapana. Usimuulize tu nani alimpiga nani. Muulize walikula nini mwaka ule, na ni nani aliyewagawia.

Mwenye projekta, mwenye nakala ya Kinjeketile, au shirika lililo tayari kutuandikia barua ya ruhusa, tuambieni. Sisi tutaleta shuka.